Mtunzi: Roho Mtakatifu

Nilimpiga mwanangu kwa sababu ya tangazo la sabuni. Nasema hili mapema ili asiyetaka kusoma habari za mama wa namna hiyo aache hapa hapa. Alikuwa na miaka mitatu, amekaa kwenye beseni katika chumba chetu cha Huruma, ghorofa ya nne, anapiga maji kwa viganja na kuimba, "Lala mama, maji yako motoni." Mkono wangu ulitua mgongoni mwake kabla sijajua kwamba nimeuinua. Alinyamaza kwanza. Halafu akalia kile kilio cha mtoto ambaye hajui kosa lake.

Angelijuaje? Wimbo aliutoa redioni, kama watoto wote wa ploti yetu. Waliuimba kwenye ngazi, waliuimba wakiruka kamba, waliuimba wakingoja zamu ya choo. Na redioni, baada ya maneno yale, mwanamke mmoja mwenye sauti tamu alitaja jina la sabuni na kusema habari za ngozi laini na usingizi mzuri wa mtoto.

Maneno yale niliyaandika mimi. Niliyaandika kwa ajili ya dada yake, ambaye yeye hakuwahi kumwona.

Dada yake alikuwa kifungua mimba wangu. Nilimzaa mwaka mmoja tu baada ya mtihani wa kidato cha nne. Alipotimiza miaka miwili alishikwa na kifua. Zahanati walitupa dawa ya homa wakatuambia turudi Jumatatu. Jumapili asubuhi niliteleka maji kwenye stovu nimwoshe kabla ya kanisa. Sweta lake jekundu lilikuwa kwenye kamba nje ya dirisha, bado bichi. Alikuwa kitandani, ananiuliza kama maji yako tayari. Nikamwambia, lala mama, maji yako motoni. Akauliza tena. Nikamwambia vile vile. Utambi wa stovu ulikuwa umechakaa, moto unawaka upande mmoja tu. Maji yalipochemka nilikwenda kumchukua.

Hapo sitaongeza neno.

Alizikwa Lang'ata kwa kibali chenye namba. Hiyo ndiyo namba pekee aliyopata kupewa duniani. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nimekifuata. Ile karatasi ya hospitali ilikuwa bado imekunjwa ndani ya Biblia, ikisubiri siku nitakayopata nafasi ya kupanga foleni. Baba yake, kibarua wa kiwanda cha mabati Industrial Area, alizika Jumatano na Alhamisi alfajiri akawa getini, maana kibarua hapewi siku ya kulia.

Na mimi nikabaki bila jina. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la shule hakuna tena anayelitaka. Unaitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, basi. Baada ya mazishi majirani hawakujua waniiteje. Wengine walisema "dada", wengine "wewe mama", wengine walikohoa tu ili nigeuke.

Wimbo haukuja kama watu wa kanisani wanavyopenda kusema nyimbo huja. Hapakuwa na ndoto wala mwanga. Nilikuwa nimesimama kwenye duka la chini nikinunua mafuta ya taa, nikagundua kwamba nasemasema kwa sauti. Mwenye duka, mama wa Kiislamu mzaliwa wa Pumwani, aliacha kupima, mpira wa mafuta bado mkononi.

"Hebu rudia," akasema.

Nikarudia. Kuhusu maji, kuhusu sweta.

"Yaandike hayo, mwanangu. Yakikaa humo ndani yatakuozesha."

Nikayaandika nyuma ya kalenda. Beti nne. Ya nne ilikuwa hivi: *Maji yamechemka, mama, wa kuuliza hayuko, nimeyamwaga ngazini, yameshuka peke yake.*

Kanisa letu lilikuwa la mabati, Kariobangi, na wengi wetu ni watu wa Machakos na Kitui. Kwaya ilikuwa na kaunta buku moja. Kila wimbo mpya uliingizwa humo na kupewa namba, na desturi ilikuwa kwamba hakuna jina la mtu linaloandikwa. Kuandika jina lako kando ya wimbo ilikuwa kujisifu, na watu walisimamishwa kuimba kwa makosa madogo kuliko hayo. Wangu ulikuwa namba arobaini na moja. Niliunakili mwenyewe, kwa hati yangu, pamoja na tarehe, maana nilikuwa karani wa kwaya. Mwenyekiti aliongeza jina la Yesu mara tatu kwenye kiitikio. Sikubisha. Waliimba, watu wakalia, na kwa mara ya kwanza tangu Lang'ata nilihisi kuna mahali mwanangu anatajwa.

Mwaka uliofuata tukaenda kurekodi kaseti. Studio ilikuwa River Road, juu ya duka la baiskeli, kuta zimepigiwa trei za mayai. Mtayarishaji alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani ya kahawia, anayewaita wanawake wote "dada yangu". Nyimbo sita tuliimba bila kula. Ulipofika wangu akaangalia saa.

"Upande wa kwanza umejaa, dada zangu. Huu utakuwa beti tatu. Ya nne itoke."

Ikatoka. Mwisho akaleta fomu, moja kwa kila wimbo. Kalamu nilishika mimi, kwa sababu katika kwaya nzima hati yangu ndiyo iliyosomeka. Penye neno *mtunzi* nikaanza herufi ya kwanza ya jina langu.

"Ngoja," mwenyekiti akasema nyuma ya bega langu. "Unaandika nini hapo?"

"Jina langu, baba."

"Lako? Wimbo ni wako huu?"

"Kwani nani mwingine aliuandika?"

Akacheka kwa upole, ule upole wa wenye vyeo kanisani. "Mama, bomba likitoa maji unalishukuru bomba? Andika Roho Mtakatifu."

Waimbaji wa sauti ya kwanza wakasema Amina. Nikaikata ile herufi moja niliyoanza. Nikaandika, kwa hati nzuri, herufi zimelala upande mmoja kama tulivyofundishwa shuleni: *Roho Mtakatifu*. Kwenye fomu zote saba.

Mtayarishaji alizisoma akakuna kidevu. "Na huyu kitambulisho chake namba ngapi?"

Tulicheka. Hata mimi nilicheka. Ndilo jambo linalonikera kuliko yote.

"Haya, msijali," akasema. "Mimi nitamalizia."

Hakuna aliyemwuliza atamalizia nini.

Ilipita miaka. Nikazaa wa pili. Kaseti iliuzwa kidogo, ikasahaulika. Halafu sabuni.

Siku ile niliyompiga mtoto nilimbeba mgongoni, bado ana kwikwi za kilio, nikashuka dukani. Mama wa duka alinitazama machoni, akaingiza mkono chini ya kaunta akatoa katoni ya ile sabuni.

"Iko hapa. Nimeificha tangu juma lililopita. Wanaitisha, nawaambia imekwisha. Huu wimbo wao si ule wako wa siku ya mafuta ya taa?"

"Ndio wangu."

"Sasa uliwauzia?"

"Nimeuza nini mimi, mama? Hata sikuulizwa."

"Basi nenda kaulize wewe."

Kwenye kibanda cha kaseti Kariobangi nilipata moja ya zetu, karatasi imekwajuka kwa jua. Nyuma, chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi: nyimbo zote zimetungwa na, kisha jina la mtayarishaji. Nikaenda kwenye kiwanda cha sabuni. Mlinzi alidhani natafuta kibarua, akaniambia wanawake wameshaandikwa leo. Nilipoeleza ninalotaka alicheka mpaka akashika geti. Lakini kwa kuwa sikuondoka, na kwa kuwa mtoto alianza kuimba ule ule wimbo mgongoni kwangu, aliingia akatoka na karani wa matangazo. Yeye hakuwa mtu mbaya. Alisema wao walipata ruhusa ya mtunzi, karatasi zipo, na kama nina shaka niende ofisi ya haki za watunzi mjini.

Nilikwenda kwa miguu. Huko nilipokewa na msichana wa rika langu, kucha fupi, rejista kubwa kama meza. Nilimtajia wimbo. Akafungua, akageuza rejista kunielekea.

"Dada, sikiliza, maana watu wote huchanganya hapa," akasema. "Kuna namba ya rekodi na kuna namba ya utunzi. Hii ndefu, yenye herufi na tarakimu kumi na mbili, ni ya rekodi. Ile siku mliyosimama mkaimba, zile sauti zenyewe, hata kama mtu alikohoa nyuma. Herufi mbili za mwanzo ni nchi, tatu za aliyeiandikisha, halafu mwaka, halafu rekodi yenyewe. Mkiimba upya kesho, hiyo ni rekodi nyingine, inapata namba nyingine."

"Hizi herufi mbili si za Kenya."

"Mtayarishaji wenu aliwapa watu wa ng'ambo, wakauweka kwenye diski ya kwaya za Afrika. Wao ndio walioiandikisha."

Mwanangu alikuwa amefika ng'ambo. Mimi sijavuka hata mpaka wa Namanga.

"Na ya pili?"

"Ya pili ndiyo inayokuhusu. Ni ya maneno na tuni. Uimbwe na kwaya yenu, uimbwe na mlevi, haibadiliki. Na kando yake kuna namba ya mtu, ya yule aliyetunga. Redio ikiupiga, sabuni ikiutaka, watu hufuata hizi namba mpaka mlangoni kwa mtu huyo. Yeye ndiye wa kusema ndiyo au hapana."

"Na mlango ni wa nani?"

Alinionyesha kwa kidole. Nilimtazama mwanangu wa pili akilamba ukingo wa meza ya watu. Yule wa kwanza hakupata hata namba moja ya kuzaliwa. Wimbo wake ulikuwa na tatu, na zote zilielekea River Road.

Karani alikwenda kwenye kabati akarudi na fomu. Niliijua kabla hajaifikisha mezani. Hati yangu. *Roho Mtakatifu*, na mstari wa rula juu yake, na juu ya mstari jina la mtu mwingine na namba yake ya kitambulisho. Kando, ile herufi yangu moja iliyokatwa.

"Hiyo ni ya jina langu," nikasema. "Nilianza."

"Herufi moja si jina, dada." Kisha akapunguza sauti. "Usidhani ni wewe peke yako. Nusu ya kwaya zinazokuja hapa huandika hivyo. Roho Mtakatifu angechukua uanachama, angekuwa mtunzi mkubwa kuliko wote humu ndani."

Sikucheka mara hii. Nilimwuliza kinachotakiwa ili nikatae ile sabuni. Akasema mashahidi wawili, na maandishi ya kwanza ya wimbo kama yapo. Kalenda niliitupa zamani. Maandishi yaliyobaki ni ya kaunta buku, na kaunta buku ilikuwa kwa mwenyekiti, maana ukarani niliuacha nilipozaa wa pili.

Nilimngoja baada ya ibada. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Unataka niende mjini niseme kwamba kwaya ya kanisa iliandika uongo?"

"Nataka useme nani aliandika wimbo, baba. Tu."

"Na yule mtayarishaji ametuahidi kaseti ya pili."

"Wanauza sabuni kwa kifo cha mwanangu."

"Mama, mtoto ni wa Mungu, wimbo ni wa Mungu."

"Na sabuni ni ya nani?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akaniambia niombee hasira yangu. Nimeiombea. Iko.

Aliyenisaidia ni jirani wa ghorofa ya pili, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mmoja wa wale waliosema Amina. Ndiye aliyemwosha mwanangu kwa mara ya mwisho, kwa maji yale yale niliyokuwa nimeteleka, na ndiye aliyenishika kiuno nilipokuwa nikiyamwaga ngazini. Jumatano ya mazoezi alirudi na kaunta buku imefungwa ndani ya leso pamoja na sukumawiki.

"Wataniondoa," akasema.

"Najua."

"Basi nirudishie leso, ni mpya."

Yeye akawa shahidi wa kwanza. Wa pili alikuwa mama wa duka, aliyefunga duka lake saa nne asubuhi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akavaa buibui safi, akasema mbele ya wakubwa wa ofisi ile kwamba maneno yale aliyasikia kutoka kinywani mwangu, akipima mafuta, kabla ya kwaya yoyote.

Mtayarishaji alikuja na miwani yake. Aliniita dada yangu. Alisema wimbo ulimjia mwenyewe studio, kwaya ikausaidia kidogo. Mkubwa wa ofisi, mzee mwenye sauti ya kuchoka, alimwuliza maana ya sweta jekundu lililo kwenye kamba.

"Ni fumbo," akasema. "Nyekundu ni damu ya Yesu. Kamba ni msalaba."

"Si fumbo," nikasema. "Lilikuwa sweta."

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Mtoto akaamka mgongoni. Mzee akauliza wimbo una beti ngapi. Mtayarishaji akasema tatu, kaseti ipo, mtu asikilize. Nikafungua namba arobaini na moja, nikasoma ya nne. Sikuiimba, niliisoma kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa. Jirani yangu alitazama sakafu. Yule karani wa kucha fupi aliacha kuandika.

"Hiyo wameiongeza jana," mtayarishaji akasema.

"Wino wa jana hauwi hivi," mama wa duka akamjibu. "Nimefunga duka nije kusikiliza huu upuzi?"

Nilidhani nimeshinda. Mzee alifunga faili polepole akasema wao si mahakama. Hawawezi kulifuta jina la mtu na kuandika jingine kwa kuwa wamesikia beti. Wanachoweza ni kuandika kwamba wimbo una mgogoro. Namba ya utunzi itafungwa. Mpaka mahakama iamue, au sisi wawili tupatane, hakuna atakayetoa ruhusa juu ya wimbo ule.

"Sabuni je?"

"Itabidi waache."

"Na mimi?"

"Hata wewe huwezi kutoa ruhusa, mama. Ndiyo maana ya kufungwa."

Mtayarishaji alinong'ona kwamba tupatane, nusu kwa nusu, sabuni iendelee, wote tufurahi. Niliomba kalamu. Mara hii, kwenye fomu ya mgogoro, nilijaza majina yangu ya shule, yote matatu, penye neno *mlalamikaji*. Hakuna fomu nyingine yoyote kuhusu wimbo ule yenye jina langu.

Tangazo lilikatika kabla mwezi haujaisha. Wenye sabuni hawakutaka kesi. Walitafuta wimbo mwingine, wa kitoto kitupu, wa kupiga makofi. Redio nayo ikaacha kuupiga wetu, maana habari ya mgogoro ilifika huko pia. Mwenyekiti alipiga mstari juu ya namba arobaini na moja na kutangaza kanisani kwamba kuna nyimbo zilizoingiwa na roho ya magomvi. Jirani yangu alisimamishwa kuimba. Mimi sikusubiri kusimamishwa. Pesa ya wakili sina, na baba watoto amesema wazi kwamba hata akiipata, kuna kodi ya nyumba.

Basi nilikipata nilichokitaka. Hakuna anayemuuza mwanangu. Na hakuna anayemtaja. Watu walikuwa wakilia kwa ajili yake Kariobangi kila Jumapili ya nne ya mwezi, wakimlilia bila kumjua, na nimewanyamazisha kwa mkono wangu, kwa hati ile ile nzuri. Stakabadhi ya mgogoro ina namba. Nimeiweka ndani ya Biblia, pamoja na kibali cha mazishi na karatasi ya hospitali.

Cheti cha huyu wa pili nilikifuata wiki ile ile. Nilipanga foleni siku mbili.

Watoto wa ploti husahau upesi. Sasa kwenye ngazi ni makofi ya sabuni mpya. Jumamosi iliyopita niliteleka maji, nikamvua nguo huyu wangu nikamkalisha kwenye beseni. Akapiga maji kwa viganja. "Lala mama, ma..." akaanza, akakatiza hapo hapo, akatazama mkono wangu.

Nikamwambia aimbe. Nikauficha mkono nyuma, nikamwambia tena, imba mama, si vibaya.

Hakuimba.